Wapeni fedha mkononi, na wapeni kabla ya masika

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu maneno ambayo nayasikia barazani na redioni, na sasa nimeyaona yameandikwa: kwamba mkulima masikini asipewe fedha taslimu, apewe unga au jembe, kwani fedha itamlemaza, na isipomlemaza yeye italiwa na mume. Mimi ni mwanamke mwenye duka Wingwi, wilaya ya Micheweni, huku kaskazini mwa Pemba. Nauza mchele wa mapembe, unga wa ngano, sukari, mafuta, chumvi na sabuni, na siku hizi watu hutoa na kuweka fedha za simu kwangu. Nina daftari la madeni. Daftari hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu yanayosemwa hayalingani na niliyoyaandika humo kwa mkono wangu.

Wasomaji wa mjini wanisamehe nikieleza kidogo ardhi yetu ilivyo. Pemba inayosifiwa kwa rutuba ni ile ya magharibi, ya vilima na mikarafuu. Upande wetu kwingi ni maweni, mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na udongo mchache. Watu hupanda muhogo, mtama, kunde na mbaazi katika mianya ya mawe, na mpunga katika mabonde yanayotegemea mvua. Wengi hawalimi ili wauze. Kinachovunwa huliwa, na kinachopungua hutafutwa kwengine: mwani, uvuvi, kokoto, na msimu wa karafuu ukifika, waume kwa wake huenda kupiga dago, yaani kambi ya msimu, upande wa Wete wakachume kwa malipo ya pishi. Nyumba ya mkulima wa kwetu haina akiba benki wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtu mmoja akivunjika mguu, nyumba nzima inachechemea.

Nitaeleza habari ya nyumba moja. Mwenyewe kaniruhusu, ila jina lake silitaji.

Mume wake alianguka kwenye mkarafuu akavunjika paja. Wachumaji wanaijua ile mikarafuu mikongwe, mirefu, ambayo tawi lake hukatika bila hata kulia. Matibabu yenyewe hayakuwagharimu kitu, lakini mgonjwa ana nauli ya gari, ana wa kumuuguza, na wote wawili wanataka kula huko waliko, na nyumbani wamebaki watoto watano na bibi yao. Zile pishi alizokwishachuma ziliishia kwenye safari ya kwanza ya hospitali. Aliporudi alikaa kitandani miezi, kisha kwenye kiti, na mpaka leo hawezi kushuka bondeni.

Kabla ya kuanguka, ukurasa wao katika daftari langu ulifanana na wa majirani: sukari nusu kilo, mchele kilo mbili, mafuta, sabuni ya kufulia, halafu mstari wa kufuta pale karafuu zinapolipwa. Baada ya kuanguka nikaona kilo mbili za mchele zinakuwa moja, moja inakuwa nusu. Sukari ikatoka. Mafuta yakawa ya kupimiwa kikombe. Ukaja wakati nikawa naandika chumvi na kibiriti tu, na baadaye sikuandika kitu. Mtu wa mbali akiuona ukurasa mtupu angedhani wamepata nafuu. Mwenye duka huuogopa ukurasa wa namna hiyo. Yule mama alikuwa ameanza kupita njia ya nyuma, ya mashambani, ili asikatize mbele ya baraza langu na deni lile.

Nikamfuata kwake. Kwetu mbegu ya mpunga hutundikwa ndani ya pakacha juu ya jiko, pale panapopita moshi, wadudu wasiiguse. Niliponyanyua macho jikoni kwake niliona kamba inaning'inia peke yake. Mbegu walikuwa wameila. Nyuma ya nyumba ana minazi saba ya urithi kwa baba yake, mizuri, inazaa vyema. Ile minazi walikuwa wameiweka rehani kwa mtu aliyewapa fedha za kwenda na kurudi hospitali. Wasiojua rehani zetu zilivyo waelewe hivi: kila mwangulo nazi huchukuliwa na mwenye fedha zake, na deni liko pale pale, halipungui hata senti, mpaka siku litakapolipwa zima kwa mpigo. Basi mama yule alikuwa anazisikia nazi zinadondoka uani kwake, na anapika mchuzi wa chumvi na maji. Binti yake mkubwa, wa darasa la tano, sikumkuta. Alikuwa machimboni anavunja kokoto, na alipokuja jioni alikuwa kafunga kitambaa kwenye kidole gumba.

Hapa pa kokoto naomba nipakalie kidogo, kwa sababu ndipo neno la uvivu linapozaliwa. Ndoo ya kokoto inalipwa leo. Bonde la mpunga linalipa baada ya miezi minne au mitano, na katika miezi hiyo watoto wanakula kila siku. Mama hana la kuchagua. Atakwenda kwenye mawe alfajiri akirudi magharibi, na bonde lake litaota magugu mpaka kifuani. Mpita njia atalitazama lile bonde atikise kichwa, aseme watu hawa hawataki kulima. Hatamwona mwenye bonde, kwa sababu mwenye bonde yuko juani na nyundo anavunja mawe ya nyumba ya mtu mwengine. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijamwona mwanamke mvivu katika hao wanaopewa jina hilo.

Watu walisaidia, na sitaki kudharau sadaka ya mtu. Ramadhani ilipoingia walipata unga, sukari na tende za futari, na wallahi zilikuja wakati wake, watoto walikula. Zikaisha. Baadaye wakapita watu wa kheri wakigawa zana kwa wakulima, na nyumba ile ikapata majembe mawili mapya. Yule mume aliyatazama pale kitini akanyamaza. Majembe walikuwa nayo. Walichokosa ni mtu wa kuyashika na chakula cha kumpa mtu huyo akishinda bondeni. Moja katika yale majembe likaletwa dukani liuzwe, likauzwa chini ya bei yake, fedha zikanunuliwa mchele. Kwa hiyo fedha ziliondoka mfukoni mwa mfadhili, zikageuzwa chuma mjini, chuma kikasafirishwa mpaka Wingwi, kikageuzwa tena fedha kwa hasara, na ndipo mama akanunua alichokihitaji. Ile hasara ya njiani ilikuwa ni mchele wa watoto wake.

Kisha ikaja awamu ya msaada wa fedha kwa kaya zilizopatwa na masaibu, kwa mafungu matatu, mkononi mwa mama wa nyumba, kupitia simu. Fungu la kwanza alilitoa kwangu, kwa hiyo nilikuwepo. Alizihesabu noti, akazikunja ndani ya kanga, akasema:

"Bi mkubwa, deni lako nalijua na sikulisahau. Lakini nikikulipa leo, kesho narudi kukopa. Nikiikomboa minazi, nazi sikopi tena, na mafuta sikopi."

Akaenda moja kwa moja kwa mwenye rehani.

Mhariri, nimelifikiri sana jambo hili. Hakuna mfadhili hata mmoja, awe wa serikali, wa Ulaya au wa msikitini, ambaye angekaa ofisini akaandika katika orodha ya misaada yake "kukomboa minazi saba". Hata mimi jirani yake, ningeulizwa nimnunulie nini, ningesema mchele. Yeye ndiye aliyejua fundo lipi likifunguliwa mengine yatalegea. Mwangulo wa kwanza baada ya kukomboa alipata nazi za kupikia, za kuuza, na za kukamua mafuta, na makuti akayashona kuezekea jiko lililokuwa linavuja.

Fungu la pili liliingia kabla ya mvua za masika. Alinunua mbegu ya mpunga, akatafuta pingili za muhogo wa Kizimbani, ambao hauugui ovyo kama huu wetu wa zamani, na akaweka vibarua wawili, vijana wa hapa hapa, wakamlimia bonde kwa siku chache kazi ambayo yeye na binti yake wangeifanya kwa wiki nyingi. Zilizobaki alinunulia chakula cha kushindia huku akisia. Kokoto akaziacha. Binti akarudi skuli na sare mpya, na nilimshonea mimi mtandio wake kwa kuwa nilifurahi.

Fungu la tatu lilikuwa la palizi. Likachelewa. Simtafuti wa kumlaumu, na kuchelewa kwenyewe hakukuwa kwa muda mrefu ukitazama kalenda ya ofisini. Lakini mpunga na magugu huota kwa mvua moja, na palizi ina wiki zake. Mama alingoja, chakula kikaisha, akarudi kwenye mawe. Alipopata nafasi ya kushuka bondeni, upande mmoja ulikuwa umeshamezwa. Alivuna kiasi kilichomwezesha kula miezi kadhaa na kutundika tena pakacha la mbegu juu ya jiko, Alhamdulillah, lakini nusu nzima ya bonde hakuipata. Fedha zilipofika alinunua mbuzi jike na akanilipa mimi deni langu, nami nikaufuta ukurasa. Yule mbuzi ni mali, sikatai. Ila mtu aliyekuja kuuliza "msaada uliwafaa?" angehesabu mbuzi na deni lililolipwa, asijue kwamba fedha zile zile, shilingi kwa shilingi, zingefika wiki chache kabla zingeleta mpunga wa watu wanane kwa nusu mwaka.

Wapo watakaosema mwenye duka lazima asifu fedha taslimu maana mwisho wake huingia kwenye mtoto wa meza yake. Ni kweli zinaingia. Naomba wafuatane nazo zinapotoka. Wale vijana wawili waliolima bonde walikuja kulipa vya kwao kwangu, na mmoja akampelekea mama yake fedha za dawa. Mimi nikanunua nazi kwa yule yule mama, na mayai kwa jirani yake, na nikamlipa mwenye gari anayeniletea mizigo kutoka Konde. Unga wa futari ulikuja na gari ukaliwa, na hapo hapo hesabu yake ikafungwa.

Mwanangu anayesoma Unguja alinisomea utafiti uliofanywa Kenya, katika kaunti ya Siaya, karibu na Ziwa Viktoria. Shirika la GiveDirectly liliwapa watu wanaoishi katika nyumba za mapaa ya nyasi kiasi cha dola 1,000 kila kaya, zaidi ya kaya 10,000, na watafiti wakafuatilia vijiji 653, vingine vimepewa na vingine havikupewa. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yanasema kila dola 1 iliyotolewa ilizaa kiasi cha dola 2.5 katika uchumi wa pale, na majirani ambao hawakupewa kitu nao maisha yao yalipanda. Kilichonishughulisha mimi zaidi ni bei, maana nimesikia wanaosema fedha zikimwagwa kijijini wenye maduka tutapandisha vitu. Siaya bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1, yaani karibu na hakuna. Na mimi nasema hivyo hivyo kwa duka langu: wateja wakiwa na fedha nanunua polo zima, yaani gunia, badala ya nusu, nauli ya mzigo inagawika, na mchele unakuwa rahisi.

Habari nyengine aliyonisomea ilinigusa kwa sababu ya yule binti wa kokoto. Malawi walianza kutoa fedha kwa kaya masikini katika wilaya ya Mchinji mwaka 2006. Kule vibarua vya kulimia watu kwa ujira wa siku wanaviita ganyu, na mkulima mwenye njaa huenda ganyu msimu ule ule ambao shamba lake linamtaka. Watafiti waliona waliopewa fedha walipunguza ganyu, wakarudi kwenye mashamba yao wenyewe, wakanunua zana na mifugo, na watoto wao wakafanya kazi chache za nje. Anayesema fedha zinawafanya watu waache kazi, aulize kwanza ni kazi ipi wameiacha. Wetu waliacha kuvunja mawe wakaenda kulima.

Kuhusu ulevi na tumbaku, wachumi David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walizikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, hawakuona kwamba watu masikini wakipewa fedha huongeza matumizi hayo. Huku kwetu pombe si jambo la kawaida, kwa hiyo hoja imebadilishwa ikawa mume ataoa mke wa pili. Siwezi kuapa kwamba hakuna mume wa namna hiyo. Lakini fedha hizi hupewa mama, kwa jina lake, na kijiji kizima kinajua ni za nini. Mume anayetaka kuzigusa atagombana na mkewe, na mama mkwe, na watu wa msikitini. Na mume mwenyewe aliyemo katika habari hii anashinda kibarazani akitia viraka nyavu za wavuvi kwa malipo kidogo, na kila alichokipata amempa mkewe.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo tangu 2000, na Mpango wake wa Kunusuru Kaya Masikini ulioanza 2012 umefika Unguja na Pemba, ukiwa na ruzuku, ajira za muda na vikundi vya kuweka akiba. Vikundi hivyo nimevifurahia. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, na siku ya kukutana hakuna anayelifungua peke yake. Halafu kuna Pensheni Jamii ya Serikali ya Mapinduzi, iliyoanza Aprili 2016 kwa kumpa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na sasa ni 50,000. Pensheni ile ina heri moja kubwa: haimuulizi mzee kama ni fukara. Hakuna mkutano wa kupanga majina, hakuna wa kununa kwa nini fulani kapata na mimi nimeachwa. Bibi wa ile nyumba anapata pensheni, na katika ile miezi ya chumvi na kibiriti ndiyo iliyokuwa fedha pekee yenye uhakika ndani ya nyumba. Ilikuwa ndogo kwa watu wanane, lakini walijua itakuja, na kwa kujua huko niliweza hata mimi kuwakopesha kibaba bila ya wasiwasi.

Nisieleweke kwamba fedha inatibu kila kitu. Upepo ukichafuka na vyombo visivuke, duka langu lenyewe huwa tupu, na siku kama hizo polo la mchele lina faida kuliko noti. Yapo pia mabonde ya mpunga huku Pemba ambayo maji ya bahari yameingia, udongo umeshika chumvi na mpunga hauoti. Mama mmoja hata umpe fedha za mwaka mzima hawezi kujenga tuta la kuzuia bahari. Hiyo ni kazi ya serikali na wataalamu wake, na tunawaomba waifanye. Wala bwana shamba asiondolewe eti kwa sababu watu wamepewa fedha. Ile mbegu ya muhogo wa Kizimbani mama aliijua kwa sababu bibi shamba mmoja alipita akamwonesha; bila ya yeye fedha zingenunua pingili zilizougua.

Ombi langu kwa wote wanaotoa, serikali, mashirika, jumuiya zetu na watu wenye zaka ya kutoa, ni la kalenda. Kuhakiki majina kumalizike Januari. Fungu la kulimia na mbegu liwe mikononi mwa watu nusu ya kwanza ya Februari, kabla ya masika, na la palizi lisivuke mwanzo wa Aprili. Kwa wanaopanda vuli, fungu lao liwe Septemba. Kama kiasi lazima kipungue ili tarehe zishikwe, bora kipungue. Mama niliyemweleza nilimuuliza hili, naye bila ya kusita akasema angechukua kidogo kinachofika kwa wakati.

Na tarehe zitangazwe. Zibandikwe kwa sheha, kwenye ukuta wa skuli na msikitini, zisomwe na redio jamii ya Micheweni, ili anayedai nazi za watu ajue lini atalipwa na anayetafuta kibarua ajue lini kazi itatoka. Iwapo kuna kuchelewa, watu waambiwe mapema, kwa siku, waweze kujipanga. Mimi na wenzangu tunaotoa fedha za simu tukizijua tarehe hizo tutaweka noti za kutosha dukani, maana kuna mama hutembea kutoka Kiuyu na mtoto mgongoni, akifika anaambiwa fedha zimekwisha, njoo kesho.

Mwenye duka,
Wingwi, Micheweni, Pemba.
(Jina na anuani vimehifadhiwa)